Ng'ombe Aje Bila Kamba

Vijana wa mashine ya mpunga, mmeniandama kwenye grupu la simu mpaka betri yangu imeomba likizo ya ugonjwa. "Mzee Bambo tuandikie ya zamani, mzee Bambo tuandikie." Haya, naandika. Ila muelewe kwamba mimi shule nilisoma mpaka mwalimu alipougua, na alipopona akakuta nimeshaenda kuchunga mbuzi. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na herufi itakayopotea mtaitafuta wenyewe, nyie bado mna macho.

Vyeo sitavisema. Miaka yote ile nilipanda mara moja tu, nilipanda juu ya magunia kumkimbia nyoka. Mshahara nao nauacha, maana mke wangu ana marafiki wanaojua kusoma.

Nilishuka Rujewa nikitokea kwetu Rungwe, milimani, ambako mtoto akidondosha chungwa mlangoni unaliokota kijiji cha tatu. Sasa ile Usangu ni tambarare, bwana. Ni tambarare mpaka ukisimama juu ya tofali unaiona kesho inakuja. Na joto lake msiniulize. Nilikuwa na yai bichi mfukoni nililopewa na mama nikaliatamishe huko ugenini, nikafika getini limeiva, nikalila na chumvi ya mlinzi.

Mashine yenyewe kelele zake mnazijua, lakini za siku zile zilikuwa za kizamani, kelele za chuma halisi. Kuna mwenzangu nilifanya naye kazi msimu mzima nikimwita Juma. Siku umeme ulipokatika ndiyo akaniambia anaitwa Hamisi.

Aliyenipokea ni mzee Yustino, mkaguzi wa magunia, Mhehe wa Kilolo kule Iringa. Mfupi, mpole, anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Akaniambia, "Kamwene." Nikamjibu, "Ndaga fijo." Kila mtu kwa kwao, tukaelewana. Akanipa chuma.

"Hii ndiyo bambo," akasema.

Nyie mliokuta mashine za kuchambua punje kwa taa, bambo ni chuma kirefu kama mkono, kina ncha mbele na mfereji katikati. Unakichoma kwenye gunia lililoshonwa, mpunga unateremka wenyewe kwenye mfereji mpaka kiganjani. Unautazama, unang'ata punje moja, basi, umeshajua kila kitu. Mwenye gunia hajamaliza hata kusalimia, wewe umeshachota.

"Choma," mzee Yustino akaniambia. Nikachoma juu. Mpunga ukatoka safi, unang'aa kama meno ya mchumba.

"Mzuri," nikasema.

"Juu mtu kaweka anachotaka ukione. Choma chini, pembeni, karibu na mshono."

Nikachoma chini. Zikatoka pumba, kokoto, na mende mmoja aliyetukasirikia kwa kumwamsha. Kuanzia hapo nikachoma chini. Kuna gunia moja lilitoka Chimala, bambo ikagoma kuingia. Tukalifungua, tukakuta suruali nzima, ya kitambaa kizuri, na mkanda wake. Mwenye gunia akasema hiyo ni ya kuzuia unyevu. Mzee Yustino akaipima suruali kwenye mizani, akaipunguza kwenye uzito, akamrudishia. Hakucheka hata kidogo. Mimi nilicheka mpaka nikapewa nusu siku ya mapumziko.

Kitu kimoja hakunizoea nacho mzee yule ni maneno yangu. Nikimsimulia kwamba kwetu mkungu mmoja wa ndizi ulilisha msiba wa siku nne na ukabaki, ananitazama anasema, "Kamba, Ambokile." Hilo ndilo jina langu, Ambokile, kabla ya Bambo. Na kamba kwetu pale mashineni ndiyo kuongeza chumvi, nyie mnaita fiksi. Nikisema nimeona mamba ana hereni, "Kamba." Nikisema naumwa kichwa, "Kamba." Siku moja kweli nilikuwa naumwa malaria, ikabidi nitapike ndiyo aniamini.

Miaka ikaenda. Mzee Yustino akastaafu, akarudi Kilolo kulima viazi. Bambo yake akanipa mimi, na binti yake akatuachia kiwandani. Binti ndiye Salome, mnamjua, alikuwa anashona midomo ya magunia kwa ile mashine ya mkononi. Kushona kwake ilikuwa hivi: ukipita karibu na shati limefunguka kifungo, unafika upande wa pili limeshashonwa na wewe ndani.

Sasa akatokea Masanja. Masanja alikuwa anaendesha ile mashine ya kupanga daraja za mchele. Baba yake alihamia Usangu kutoka Shinyanga na ng'ombe, lakini ukame mmoja mbaya ukawamaliza wote, kijana akakulia kwenye magunia. Watu hawakumwamini. Kila mtu akisikia Msukuma anasema, huyu lazima ana zizi mahali. Maskini, ng'ombe pekee aliyewahi kuwa naye karibu ni yule aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa.

Masanja na Salome wakapendana kwa ishara, maana kelele. Wakanichagua mimi kuwa mshenga, kwa vile mzee Yustino ndiye aliyenifundisha kazi. Nikaenda Kilolo mara ya kwanza, nikarudi na jibu: ng'ombe watatu. Wawili watolewe kwa hela, lakini wa tatu ni ng'ombe wa mama, huyo lazima aje na miguu yake. Wawili Masanja akawalipa, akakauka kabisa, akawa anakula ugali kwa kuutazama. Akabaki huyo mmoja wa miguu. Na kule Kilolo shangazi yake Salome alikuwa na mtu wake mfukoni, bwana mmoja wa Iringa mjini mwenye pikapu. Shangazi akasema wazi: ng'ombe wa mama asipofika kabla ya Kwaresma ijayo, wale wawili tutawarudisha na tutamsikiliza mwenye pikapu.

Hapo ndipo ikaja Mei Mosi ile.

Tulikuwa Mbeya mjini kwenye maandamano, tumevaa tisheti na kofia za bure, mimi nimevaa kofia mbili. Spika ikasema kodi ya mshahara imepunguzwa. Uwanja ukaruka. Mimi niliruka nikaona Ziwa Nyasa. Masanja akanishika bega, macho yamemtoka.

"Baba Bambo, ng'ombe kapatikana."

"Kapatikana na ndama wake," nikamwambia.

Nikatembea kwenda nyumbani Soweto, pale pale Mbeya, ambako familia yangu nilikuwa nimeipangishia vyumba viwili kwa mama mmoja mjane, Mama Sekela. Nikamkuta amesimama mlangoni na redio kwapani. Yeye huniita kwa jina la mwanangu, Atu.

"Baba Atu, karibu. Nimesikia redio."

"Umesikia eeh, mama? Mambo mazuri."

"Mazuri kwako. Nyumba hii nimejenga mimi na marehemu, tofali tumebeba kichwani. Huyo aliyepunguza kodi yangu alibeba tofali gani?"

"Mama, siyo kodi hiyo."

"Kwani kodi ziko ngapi?"

Nikafikiria. "Nyingi, mama. Hii ni ya mshahara. Kuna kitu wanakata kwenye mshahara kabla sijaushika, sasa watakata kidogo."

"Kwa hiyo hela itabaki kwako."

"Kidogo."

"Basi hiyo kidogo nilikuwa naitafuta siku nyingi." Akazima redio. "Mwezi wa saba kodi ya vyumba inapanda."

Yaani punguzo langu lilipata mpangaji kabla halijazaliwa. Niliporudi Rujewa nikakuta mama wa vitumbua naye amesikia redio. Vitumbua vimekuwa vidogo, ukipiga chafya unakosa kifungua kinywa. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Si mmeongezewa." Nikamwambia hatujaongezewa, tumepunguziwa. Akasema kwake yote ni habari njema.

Neema, mhasibu wetu, akatukusanya akatuambia tutulie, punguzo linaanza mwezi wa saba kwenye slipu, na lisitutoe roho. Hakuna aliyemsikiliza. Mtu aliyenunua tayari friji kichwani huwezi kumwambia kitu.

Mwezi wa sita nikatumwa tena Kilolo kuomba mahari ilegezwe. Salome alinisindikiza mpaka kituoni.

"Baba Bambo, nakuomba kitu kimoja tu. Sema ukweli, usiongeze chumvi."

"Chumvi nimekatazwa hospitali, mwanangu. Presha."

Kilolo mwezi wa sita baridi yake siyo ya kusimuliwa. Nilipiga hodi nje, sauti ikaganda, ikaja kusikika nikiwa ndani nimeshakaa. Wakanipa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Mzee Yustino amekaa kwenye kiti chake na koti refu, shangazi amekaa pembeni ya gunia la ulezi kama askari wa benki.

"Kijana wetu mnamjua," nikaanza. "Mchapakazi. Gunia anabeba mawili, la tatu analishika na meno."

"Kamba," mzee Yustino akasema taratibu.

"Haya, la meno nimeongeza. Lakini mzee, mambo yamemnyookea. Serikali imempunguzia kodi."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Kodi? Kumbe kapanga?"

"Kapanga ndiyo, shangazi, pale Rujewa. Lakini kodi ninayoisema mimi siyo ya nyumba. Ni ya mshahara."

"Mshahara nao unapangishwa?"

"Hapana, shangazi, ni hivi..."

"Yaani mshahara anaopata siyo wake, kapanga. Anaulipia kodi. Siku akishindwa wanamtoa kwenye mshahara, anakaa nje." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, huyu mwanaume kapanga nyumba, kapanga mpaka mshahara. Yule wa mjini pikapu ni yake."

Nikaona nitapoteza ndoa ya watu kwa neno moja. Bambo yangu nilikuwa nayo kwenye mfuko, natembea nayo kama padri na rozari. Nikainuka, nikalichoma gunia la ulezi. Ulezi ukateremka mpaka kiganjani.

"Hilo gunia langu," shangazi akasema.

"Ndiyo maana nimelichoma, shangazi. Umeona? Hujafungua mdomo, mimi nimeshachota. Hii ndiyo kodi ya mshahara. Mshahara unatoka mzima kwa tajiri, lakini kabla Masanja hajaushika, bambo imeshapita. Yeye anapewa gunia limeshonwa vizuri, anadhani limejaa. Sasa hiyo bambo wameifupisha. Inachota kidogo."

Shangazi akakitazama kiganja changu. "Nimeelewa. Rudisha ulezi wangu."

Nikarudisha.

"Na sisi wa viazi," akaendelea, "bambo yetu nani anaifupisha? Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza, halafu anashonea kilemba juu, lumbesa. Bei ya gunia moja, viazi vya gunia moja na nusu. Ukisema, anawasha lori. Spika yenu ilisema lolote hapo?"

"Hapo haikusema, shangazi."

"Basi inawajua wenye slipu tu."

Alikuwa amesema kweli, na mimi kwenye kweli huwa sina mazoezi. Mzee Yustino akanywa chai yake yote, akapangusa mdomo.

"Ambokile. Hiyo punguzo ni kubwa?"

Vijana, mimi nilimkumbuka Salome. Nilimkumbuka kabisa, na kituo cha basi nikakikumbuka. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshatangulia.

"Kubwa, mzee. Tangu nizaliwe sijaona. Neema mhasibu alipopiga hesabu ilibidi tumpepee. Ni punguzo ambalo ukitaka kumwambia mtu unamtafutia kwanza pa kukaa."

"Kubwa hivyo."

"Zaidi, mzee. Nimepunguza mimi nisikutishe."

Akainamisha kichwa kwa heshima. "Basi mimi sitashindwa na serikali kwenye harusi ya mwanangu. Wao wamempunguzia, na mimi nampunguzia. Kiasi kile kile, kisizidi kisipungue. Slipu ikitoka utanipigia simu."

Nikamshika mkono kwa mikono miwili haraka kabla hajabadilisha. Shangazi akanuna mpaka chai ikapoa. Kwenye basi kutoka Iringa nilikaa nimechekelea tu. Kufika Mafinga ng'ombe alikuwa ameshashuka kuwa mbuzi. Makambako mbuzi akawa kuku. Tulipoingia Rujewa nilikuwa nawaza mzee ataturudishia na chenji ya huyo kuku.

Mwezi wa saba slipu zikatoka. Masanja akaisoma ya kwake mbele, akaigeuza nyuma aone kama inaendelea. Haikuendelea. Akaenda dirishani kwa Neema.

"Dada Neema, hii punguzo yote iko hapa?"

"Yote, kaka."

"Au wanaleta kidogo kidogo?"

"Ndiyo hiyo kidogo kidogo."

Ilikuwa inatosha sabuni. Siyo mche mzima, kile kipande dukani wanakata na waya. Yangu mimi ilikuwa kubwa kidogo, ilitosha kipande na kiberiti. Wale wabebaji wetu wa magunia, vibarua ambao hawana slipu wala hawajawahi kukatwa hiyo kodi, walitucheka wakakaa chini. "Sisi bambo haikutufikia," wakasema, "kwa hiyo hata ilivyofupishwa hatukusikia." Lakini vitumbua vidogo walikuwa wanakula na wao, na bei mpya ya vyumba waliisikia vizuri sana.

Nikampigia mzee Yustino. Nilitafuta pa kusimama mtandao uwe mbaya, nikakosa. Siku hiyo ulikuwa mzuri kama mzee mwenyewe yuko jikoni kwangu.

"Imetoka slipu?"

"Imetoka, mzee."

"Imetosha nini?"

"Sabuni, mzee."

"Mche?"

"Kipande."

Nikasikia simu inatetemeka, ndiyo nikajua anacheka. Mtu ambaye hakuicheka suruali ya Chimala.

"Sawa," akasema. "Neno langu ni lile lile. Huku kwetu ng'ombe wa mama anakuja na kamba yake shingoni, kamba mpya. Bei yake ni kama hicho kipande cha sabuni. Kamba nimepunguza. Ng'ombe aje bila kamba."

"Mzee, kwani ulijua?"

"Ambokile, nimekaa hapo kiwandani mpaka nikazeeka. Unadhani kodi imeanza kupunguzwa juzi? Nilishapewa punguzo mimi kabla yako, nikanunua nayo nyembe. Siku ile uliponiambia ni kubwa, nilikuwa nimeshakuchoma chini." Akakata, halafu akapiga tena. "Kwaresma iko pale pale."

Nikaenda kumwambia Salome. Nilimkuta kwenye mashine yake ya kushonea, akaendelea kushona ananisikiliza. Nilipomaliza alikuwa ameshona gunia tupu, halina hata punje.

"Baba Bambo, nilikuomba kitu kimoja."

"Nilitia kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo ndiyo hiyo iliyompunguzia Masanja kamba." Akalitazama lile gunia tupu, mdomo umeshonwa wote. Akaniambia, "Nipe bambo."

Akalitoboa tundu moja, akalining'iniza kwenye msumari pembeni ya dirisha la Neema. Halafu akapanda juu ya mizani, mtoto wa mzee Yustino yule mpole, akasubiri mashine zizimwe kwa chakula, akasema, "Jamani. Punguzo la mtu mmoja ni kipande cha sabuni. La kiwanda kizima ni nini?"

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ni maduka ya sabuni," mmoja akasema.

"Ni ng'ombe," Salome akasema. "Hiyo hela mlikuwa hamjaizoea. Itumbukizeni hapa kila mwezi mpaka Krismasi, mtu hatasikia njaa yake. Baada ya hapo mkanunue sabuni zenu muoge."

Mimi nilitumbukiza wa kwanza, nilikuwa na sababu zangu. Wengine wakafuata, kwa kelele nyingi, kila mtu anataka kujua kipande chake kitakuwa ng'ombe upande gani. Fundi mitambo akasema yeye anataka nundu. Neema akachagua ulimi, akasema anao wa kwake lakini hausikilizwi. Mwezi wa kwanza wa kuchanga tulikadiria tumepata mkia. Uliofuata, miguu ya nyuma. Ukafika mwezi wa kumi ng'ombe yuko mzima, kabakia kichwa tu, tukawa tunaongea habari zake kama tunamfuga.

Wale vibarua nao hawakukubali kukaa pembeni. Punguzo hawana, slipu hawana, lakini wakaja na gunia la pumba laini, zile tunazowauzia wafugaji, wamechangishana wakalinunua kiwandani kwa hela zao. Kiongozi wao akasema, "Ng'ombe wenu atakula nini njiani, slipu?"

Baada ya mwaka mpya tukaenda mnadani pale Rujewa, mimi, Masanja na gunia la Salome. Masanja alimshika mtamba mmoja kama mtu anashika waya wa umeme. Muuzaji, mzee wa Kisukuma, akamwangalia muda mrefu.

"Wewe mwanangu ni Msukuma wa wapi?"

"Wa mashine ya mpunga, baba."

"Ndiyo maana unamshika mkia unamsalimia."

Tukamnunua, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Kiwanda kizima kikapiga kura ya jina, akaitwa Punguzo.

Tukampandisha kwenye Fuso iliyokuwa inapeleka mchele Iringa mpaka Kilolo. Kwenye lori tulimfunga kwa kamba ya dereva. Salome akakaa mbele, mimi na Masanja nyuma na ng'ombe. Mvua za Kilolo zilikuwa zimeshaanza, barabara imekuwa uji. Chini ya kilima cha mzee Yustino, Fuso ikasema basi. Dereva akamshusha Punguzo, akafungua kamba yake, akaikunja, akaweka chini ya kiti.

"Tuazime, ndugu yangu," Masanja akamwambia.

"Kamba hii inafunga turubai. Mchele ukilowa nitaolewa mimi."

Punguzo akatazama kushoto, akaona shamba la kabichi la mtu. Akatazama kulia, akaona dunia nzima. Na kule juu kilimani tunamwona shangazi amesimama na mwavuli, anatazama njia, na Kwaresma iko wiki ileile. Masanja akafungua mikono kama golikipa. Ng'ombe akapita chini ya mkono. Salome akamzuia kwenye kabichi kwa kanga.

"Baba Bambo, fanya kitu," akasema. "Kitu cha kweli."

Nikakumbuka pumba. Nikajitwika lile gunia la vibarua begani, nikachomoa bambo, nikachoma. Chini, pembeni, karibu na mshono. Pumba zikaanza kuteremka kwenye mfereji, mstari mwembamba mgongoni kwangu mpaka chini kwenye nyasi. Punguzo akanusa. Akalamba. Akapiga hatua, akalamba, akapiga hatua. Mimi naenda mbele sigeuki, gunia linapungua begani, nyuma nasikia pumzi yake ya moto kwenye kisigino. Masanja anatembea ubavuni mwake, na safari hii mkono ameuweka juu ya mgongo wa ng'ombe, ametulia, kama mtu aliyekumbuka kitu cha baba yake.

Hivyo ndivyo tulivyopanda. Kilima kile kwa kawaida ni kirefu, siku ile kilifika mbinguni kikarudi. Wanakijiji walitoka kutazama mzee wa Kinyakyusa anavuja pumba na ng'ombe anamfuata kama amesomeshwa.

Leo bambo ile ninavyoandika iko kwa Salome, ndiye mkaguzi wenu, na nasikia mnamwekea mpunga mzuri juu. Nawaonea huruma. Mkitangaziwa tena kwamba kodi imepunguzwa, furahini kabisa, rukeni, mimi nitaruka na nyie hapa hapa Soweto. Ila mkimaliza kuruka mkamwone Salome, gunia lake bado liko kwenye msumari.

Turudi kule Kilolo: tulifika uani, nikaweka gunia chini, limebaki ngozi tu. Punguzo akaendelea kulilamba. Shangazi akamzunguka ng'ombe mzima, akamtazama meno, akamtazama kwato, akatafuta kasoro mpaka mwavuli ukamchoka.

"Kamba yake iko wapi?" akauliza.

Mzee Yustino alikuwa ameshatoka ndani na koti lake. Akamgusa ng'ombe kwenye lile doa jeupe. Akaitazama njia yote tuliyopanda nayo, mstari wa pumba zilizobaki kutoka chini ya kilima mpaka miguuni kwangu, halafu akanitazama mimi.

"Mwacheni," akasema. "Tangu nimjue Ambokile, leo ndiyo mara ya kwanza ananiletea kitu bila kamba."